Kufuli Kuu na Jedwali la Njia: Jinsi Msimbo wa Mtandao wa OpenBSD Ulivyofunguliwa kwa Prosesa Nyingi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kufuli moja lililolinda kiini chote cha mfumo endeshi wa OpenBSD lilivyopunguzwa hatua kwa hatua katika msimbo unaopeleka pakiti za mtandao. Hoja yake ni kwamba kufuli kuu halikulinda data peke yake, bali lililinda pia mazoea ambayo hayakuandikwa popote. Kwa sababu hiyo haikutosha kulikata vipande vidogo. Ilibidi umbo la data yenyewe libadilishwe, hususan jedwali la njia. Makala yanajadili pia istilahi ya kufuli, ambayo inaweza kumpotosha mwanafunzi mahali pale pale penye ugumu.

1.0 Utangulizi

Kompyuta inayounganisha mitandao miwili au zaidi huitwa ruta. Kazi yake, ikitazamwa juu juu, ni nyepesi. Pakiti huingia kwa kadi moja ya mtandao, anwani ya mahali inakokwenda husomwa, anwani hiyo hutafutwa katika jedwali la njia, kisha pakiti hutolewa kwa kadi nyingine kuelekea ruta inayofuata. Ikimalizika pakiti moja, nyingine imekwisha kufika mlangoni.

Hapana sababu ya kimaumbile inayozuia pakiti mbili zisizohusiana zishughulikiwe kwa wakati mmoja na prosesa mbili. Hata hivyo, katika mifumo endeshi mingi yenye asili ya Unix, jambo hilo halikuwezekana kwa miaka mingi. Kompyuta ilikuwa na prosesa nne au nane, lakini moja tu ndiyo iliyoruhusiwa kupeleka pakiti, na zilizosalia zilingoja. Kilichozizuia ni kufuli moja lililozunguka kiini chote, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayomiliki kumbukumbu, kadi za mtandao na mafaili, na ambayo programu zote hupitia ili kupata huduma hizo.

Mfano unaotumiwa hapa ni OpenBSD, mfumo uliotokana na NetBSD mwaka 1995 chini ya uongozi wa Theo de Raadt huko Calgary, Kanada. Mfumo huu hutumiwa sana katika ruta na kuta za ulinzi wa mitandao. Umechaguliwa kwa sababu mabadiliko yake yalifanywa kwa hatua ndogo ndogo zilizo wazi kwa umma, hivyo mtafiti anaweza kuona si matokeo tu bali na njia iliyopitiwa. Linux na FreeBSD zilipita njia hiyo hiyo mapema zaidi, nazo zitatajwa panapohitajika.

2.0 Kufuli, Komeo na Hodi

Kabla ya kuingia katika msimbo wenyewe, hapana budi kulitazama neno. Kufuli, neno lililoingia Kiswahili kutoka Kiarabu, hutiwa nje ya mlango na mwenye nyumba anapoondoka. Aliye na ufunguo yu mbali, na ndani hamna mtu. Katika kiini cha mfumo endeshi hali ni kinyume chake: anayefunga ni yule aliye ndani, hufunga kwa sababu yumo, naye hufungua anapotoka. Kwa maana hiyo neno komeo lingefaa zaidi, kwani komeo hutiwa kutoka ndani. Mpangaji anayeoga katika bafu la pamoja hutia komeo, wala hatii kufuli.

Lakini hata komeo halitoshelezi. Komeo ni chuma. Anayesukuma mlango hukwama apende asipende. Kufuli la kompyuta ni neno moja tu katika kumbukumbu lenye thamani ya sifuri au moja. Prosesa inayotaka kuingia hulisoma neno hilo na, ikikuta limekwisha kuwekwa moja, hungoja. Prosesa ambayo msimbo wake haukuandikwa ili ulisome neno hilo hupita moja kwa moja hadi kwenye data, na hapana kitu kinachoizuia. Kwa hakika kitu hiki kinafanana zaidi na hodi. Anayebisha hodi husubiri aitikiwe, naye asiyebisha huingia tu na kumkuta mwenyeji katika hali asiyotarajia kuonekana.

Makala haya hayapendekezi kwamba istilahi ya kufuli iachwe. Imekwisha kuzoeleka, na istilahi iliyozoeleka, ijapokuwa na kasoro, huwa na nguvu kuliko ile iliyo sahihi lakini haina watumiaji. Muhimu ni kwamba mwanafunzi anayedhani kufuli ni kizuizi ataamini kwamba data iliyo na kufuli ni salama. Ajuaye kwamba ni hodi atauliza swali linalofaa: ni nani wote wanaoingia humu, na je, kila mmoja wao hubisha? Kazi yote itakayoelezwa hapa chini ni kazi ya kulijibu swali hilo.

3.0 Urithi wa Prosesa Moja

Msimbo wa mtandao wa BSD uliandikwa katika zama za kompyuta zenye prosesa moja. Katika kompyuta ya namna hiyo, msimbo wa kiini ungeweza kuvurugwa na kitu kimoja tu, yaani ukatizi: kadi ya mtandao inaashiria kwamba pakiti imefika, na prosesa inaacha ilichokuwa ikikifanya ili kuihudumia. Dawa ilikuwa kupandisha kiwango cha kipaumbele kwa muda mfupi ili ukatizi wa mtandao usiitikiwe, kisha kukishusha. Msimbo uliokuwa kati ya kupandisha na kushusha ulijihesabu kuwa uko peke yake duniani, na kwa kweli ulikuwa hivyo.

Prosesa nyingi zilianza kutambuliwa na OpenBSD katika toleo la 3.6, Novemba 2004. Kuandika upya maelfu ya mistari ya msimbo kwa mara moja hakukuwezekana. Kwa hiyo likatiwa kufuli moja, na kila prosesa iliyoingia katika kiini ilibisha hodi kwenye lango hilo hilo. Kwa mfano wa nyumba ya kupanga, ni kana kwamba anayekwenda kuteka maji kisimani anatia komeo lango la ua mzima, na anayetaka kupika jikoni hana budi kusubiri nje mpaka ndoo ijae.

Uamuzi huo haustahili kubezwa. Linux ilifanya vivyo hivyo mwaka 1996 katika toleo la 2.0, na kufuli lake kuu halikuondolewa kabisa mpaka toleo la 2.6.39 la mwaka 2011. FreeBSD nayo ilikuwa na kufuli lake, lililopewa jina la Giant, na msimbo wake wa mtandao ulianza kufanya kazi bila kufuli hilo katika toleo la 5.3 la mwaka 2004. Kufuli kuu ni njia ya kupata mfumo unaofanya kazi leo, huku deni likiandikwa kwa kesho.

Deni lenyewe halikuwa dogo, kwa sababu kufuli kuu la OpenBSD lilikuwa na tabia tatu ambazo msimbo ulizizoea bila kuzitaja. Kwanza, prosesa iliyolishika iliweza kuliomba tena na tena bila kujizuia yenyewe, hivyo mwandishi wa msimbo hakulazimika kujua kama aliyemwita alikuwa amekwisha kulishika. Pili, kwa kuwa kufuli lilikuwa moja, haikuwezekana mmoja ashike la kwanza akingoja la pili ilhali mwingine ameshika la pili akingoja la kwanza. Kwa maneno mengine, mkwamo wa aina hiyo haukuwapo. Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, kazi yoyote iliyolala ndani ya kiini, kwa mfano ikingoja diski, iliachilia kufuli kimyakimya na kulichukua tena ilipoamka. Kwa hiyo kanuni halisi ya ulinzi ilikuwa hii: hakuna atakayekugusa maadamu hulali. Sehemu kubwa ya msimbo iliitegemea kanuni hiyo, nao wengi wa walioiandika hawakujua kwamba wanaitegemea.

4.0 Hesabu ya Kungoja

Kadi ya mtandao ya gigabiti 10 kwa sekunde, ikipokea pakiti ndogo kabisa za Ethernet, inaweza kupokea pakiti milioni 14.88 kila sekunde. Hiyo ni nafasi ya takriban nanosekunde 67 kwa pakiti moja. Kwa prosesa yenye mapigo bilioni 3 kwa sekunde, ni mapigo 200 hivi, na kusoma neno moja katika kumbukumbu kuu peke yake kunaweza kula muda huo wote.

Sheria iliyotolewa na Gene Amdahl mwaka 1967 inaonyesha kinachofuata. Ikiwa asilimia 40 ya kazi ya kila pakiti hufanywa ndani ya kufuli, prosesa nane hazitaongeza kasi mara nane, bali mara 2.1 tu, na hata zikiwa elfu hazitavuka mara 2.5. Sehemu hiyo ikipunguzwa hadi asilimia 10, prosesa hizo nane zitafikia mara 4.7. Hesabu hii tena ni ya ukarimu, maana inadhani kwamba kungoja hakuna gharama. Kwa kweli prosesa zinazogombea neno moja la kumbukumbu hunyang'anyana nakala yake bila kukoma, na unyang'anyi huo huipunguzia kasi hata ile iliyo ndani.

5.0 Mti wa Zamani

Jedwali la njia halina safu kwa kila anwani duniani. Lina vitangulizi, yaani biti chache za mwanzo wa anwani, na kila kitangulizi kimefungamanishwa na njia. Anwani moja inaweza kulingana na vitangulizi kadhaa. Sheria ni kwamba kirefu kuliko vyote ndicho kinachoshinda. (Istilahi ya kiambishi awali imeepukwa kwa makusudi. Msomaji wa isimu angetafuta mzizi unaofuata, na hapa hakuna mzizi. Kuna biti zilizosalia tu.)

BSD ilitunza vitangulizi hivyo katika mti uliobuniwa na Keith Sklower wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kuelezwa katika makala yake ya mwaka 1991. Mti huo ulikuwa kazi ya werevu mkubwa. Mtafutaji hushuka kwa kuangalia biti zile tu zinazotofautisha matawi, bila kuhakikisha chochote njiani. Akifika kwenye jani hulinganisha, na yasipolingana hupanda tena juu akitafuta kitangulizi kifupi zaidi kinachofaa. Haukuudhi kumbukumbu, nao ulikubali anwani za urefu wowote.

Kwa prosesa nyingi, hata hivyo, kule kupanda na kushuka ndiko kulikokuwa na hatari. Kuingiza njia mpya kulimaanisha kukata tawi, kupachika kifundo kipya na kurekebisha vielekezi kadhaa, vingine vya kushukia na vingine vya kupandia. Kati ya rekebisho la kwanza na la mwisho, mti haukuwa wa zamani wala mpya. Msomaji aliyekuwa akishuka wakati huo angeweza kujikuta katika tawi ambalo mzazi wake halitambui tena. Isitoshe, msimbo wa kuandaa vinyago vya biti ulitumia hifadhi ya muda iliyokuwa moja kwa mfumo mzima. Mti wa namna hii unaweza kutiwa kufuli dogo lake wenyewe, na FreeBSD ilifanya hivyo, lakini wasomaji wote bado watakutana kwenye kufuli hilo. Foleni imehamishwa kutoka langoni hadi mlangoni.

6.0 Jedwali la Ugawaji

Katika miaka ya 2015 na 2016 OpenBSD iliuacha mti wa Sklower na kuchukua muundo uliobuniwa na Yoichi Hariguchi, unaojulikana kwa kifupi kama ART, ambao hapa utaitwa jedwali la ugawaji. Kazi ya kuuingiza katika kiini iliongozwa na Martin Pieuchot. Muundo huu unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna jibu ambalo makufuli hayakuweza kulitoa.

Na ichukuliwe anwani yenye biti tatu tu. Jedwali lake ni safu yenye nafasi zilizohesabiwa kuanzia 1 hadi 15. Nafasi ya 1 ni ya kitangulizi kitupu, yaani kile kinacholingana na anwani zote. Nafasi za 2 na 3 ni za vitangulizi vya biti moja, 0 na 1. Nafasi za 4 hadi 7 ni za vitangulizi vya biti mbili, kuanzia 00 hadi 11. Nafasi za 8 hadi 15 ni za anwani kamili, kuanzia 000 hadi 111. Nafasi ya mzazi hupatikana kwa kugawanya nafasi ya mtoto kwa mbili na kuacha baki: mzazi wa 13 ni 6, na mzazi wa 6 ni 3. Hakuna kielekezi cha kupandia wala cha kushukia, kwa kuwa uhusiano wote umo katika hesabu.

Njia inapoingizwa, hugawiwa wazao wake wote wasio na njia iliyo mahsusi zaidi. Ikiingizwa njia A kwa kitangulizi 1, itaandikwa katika nafasi ya 3, kisha katika 6 na 7, kisha katika 12, 13, 14 na 15. Ikifuata njia B kwa kitangulizi 10, itachukua nafasi ya 6, na pamoja nayo 12 na 13. Sasa atakayetafuta anwani 101, ambayo ni 5, ataongeza 8 na kupata 13, atasoma nafasi hiyo mara moja tu na kuipata B. Atakayetafuta 110 atasoma nafasi ya 14 na kuipata A. Hakuna kushuka, kulinganisha wala kupanda tena. Swali la kitangulizi kipi ni kirefu zaidi lilijibiwa wakati wa kuandika, si wakati wa kusoma. B ikifutwa, mwandishi hutazama nafasi ya 3, mzazi wa 6, akakuta A, na kuirudisha A katika 6, 12 na 13.

Umuhimu wa jambo hili kwa kufuli huonekana pale mwandishi anapokamatwa katikati ya kazi. Tuseme B imekwisha kuandikwa katika nafasi ya 6 na ya 12, lakini bado katika ya 13. Anayesoma 12 atapata B, na anayesoma 13 atapata A. Zote mbili ni njia za kweli, moja ya sasa na nyingine ya punde iliyopita. Kila nafasi ni neno moja la kumbukumbu, na prosesa huandika neno moja kwa tendo lisilogawanyika. Kwa hiyo msomaji hawezi kukuta kitu ambacho hakijapata kuwa njia. Upo muda mfupi sana ambapo anwani mbili jirani zinajibiwa kwa habari za rika tofauti. Mtandao wenyewe huvumilia hali hiyo, kwa kuwa habari za njia hufika kwenye ruta zikiwa zimekwisha kuchelewa njiani.

Anwani halisi ya IPv4 ina biti 32, na safu moja ya namna hii ingehitaji nafasi zaidi ya bilioni 8. Kwa hiyo anwani hukatwa katika mafungu ya biti chache, kila fungu likiwa na jedwali lake dogo, na nafasi ya anwani kamili katika jedwali la juu inaweza kuelekeza kwenye jedwali la chini. Mtafutaji hushuka ngazi kadhaa, lakini hashuki bila mpango wala harudi juu kupapasa.

Gharama imehamishiwa kwa mwandishi. Kitangulizi kifupi katika fungu la biti 8 kinaweza kumlazimu kuandika nafasi mia kadhaa. Biashara hii ina faida, kwani hata ruta inayobeba njia zote za intaneti, ambazo kufikia 2022 zilikuwa zimepita 900,000 kwa IPv4, hupata mabadiliko machache mno yakilinganishwa na mamilioni ya usomaji kwa kila sekunde.

7.0 Njia Iliyokufa Mkononi

Jedwali linaloweza kusomwa bila kufuli huondoa nusu ya tatizo. Nusu ya pili haionekani katika jedwali kabisa. Prosesa ya kwanza imesoma nafasi ya 13 na kupata kielekezi cha B. Kabla haijakitumia, prosesa ya pili imeifuta B, na kumbukumbu iliyokaliwa na B imekwisha kugawiwa kazi nyingine. Kielekezi kilichokuwa sahihi kiliposomwa sasa kinaonyesha kaburi lililozikwa mtu mwingine. Katika zama za kufuli kuu jambo hili halikuweza kutokea maadamu msomaji hakulala. Sasa kufuli halipo, na kanuni ile isiyoandikwa imekwenda nalo.

Suluhisho la kwanza katika OpenBSD, lililoandikwa na Jonathan Matthew na David Gwynne mwaka 2015, liliitwa SRP. Wazo lake linafanana na lile lililochapishwa na Maged Michael mwaka 2004. Kila prosesa ina orodha yake ndogo. Kabla ya kutumia kielekezi, prosesa hukiandika katika orodha hiyo, kisha hulisoma jedwali mara ya pili. Ikiwa kielekezi kimebadilika katikati, huanza upya. Mwandishi naye, akiisha kuiondoa B jedwalini, hupitia orodha za prosesa zote. Akiikuta B imetajwa mahali popote, haifuti, bali huahirisha na kurudi baadaye. Ile kusoma mara ya pili si hadhari ya kupita kiasi. Bila hiyo, mwandishi angeweza kupitia orodha punde tu kabla jina halijaandikwa.

Jambo moja hupuuzwa na wanafunzi wengi. Prosesa za kisasa huruhusiwa kupanga upya maandishi yao kuelekea kumbukumbu, hivyo kielekezi cha njia mpya kinaweza kuonekana na wengine kabla ya yaliyomo katika njia hiyo. Ni sawa na kumkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba ambayo haijaezekwa. Kwa hiyo mwandishi hulazimika kutumia amri maalumu ya kizuizi ili yaliyomo yatangulie. Kufuli la kawaida lina vizuizi hivyo ndani yake. Anayeliondoa lazima avitie kwa mkono.

Njia yenyewe ilibaki na hesabu ya marejeo, yaani namba inayoongezwa kila prosesa inapoishika na kupunguzwa inapoiachilia, ili ifutwe tu hesabu ikifika sifuri. Hesabu hii ni salama, lakini ruta nyingi hupeleka karibu pakiti zote kupitia lango moja. Prosesa zote basi huandika namba ile ile katika neno lile lile, na unyang'anyi uliotajwa katika sehemu ya 4.0 hurudi kwa mlango wa nyuma. Mtu aliyejivunia kuondoa kufuli hukuta ameliacha lingine lisilo na jina.

Njia nyingine ya kulikabili tatizo hili ilianza mapema zaidi. Paul McKenney na John Slingwine waliiendeleza katika miaka ya 1990 wakiwa Sequent, na Linux ikaipokea kwa jina la RCU mwaka 2002. Humo msomaji haandiki chochote. Mwandishi huondoa kitu jedwalini, kisha hungoja mpaka kila prosesa ipite katika hali ambayo haiwezi kuwa imeshika kielekezi cha zamani, ndipo akifute. OpenBSD ilipata chombo cha jamii hiyo, SMR, mwaka 2019 kwa mkono wa Visa Hankala. Sharti lake ni kwamba msomaji asilale akiwa anasoma. Ni ile kanuni ya zamani ya kufuli kuu, lakini safari hii imeandikwa wazi na inaweza kukaguliwa.

8.0 Kufuli la Mtandao

Jedwali ni sehemu moja tu ya safari ya pakiti. Desemba 2016 Pieuchot alianzisha kufuli la mtandao, NET_LOCK, ambalo lilichukua mahali pa ile desturi ya kupandisha kipaumbele, nalo likatolewa katika toleo la 6.1 la Aprili 2017. Mkosoaji anaweza kusema kwamba kufuli kubwa lilibadilishwa kwa kufuli kubwa. Hilo ni kweli kwa nusu. Kufuli la mtandao halikuachiliwa kimyakimya aliyelishika alipolala, hivyo kila mahali palipokuwa pakitegemea kuachiliwa huko palijitokeza kwa njia ya mkwamo. Lilidai pia utaratibu wa nani ashikwe kwanza. Maumivu hayo yalikuwa na faida: jambo lililokuwa limejificha katika mazoea sasa lilikuwa na jina, na kitu chenye jina kinaweza kuulizwa kinalinda nini.

Aidha, kufuli hilo lilikuwa la aina mbili kwa pamoja: lingeweza kushikwa na mwandishi mmoja peke yake au na wasomaji wengi kwa ushirika. Kwa miaka mingi lilishikwa kwa upekee tu. Aprili 2022 Alexander Bluhm aliufanya msimbo wa kupokea na kupeleka pakiti za IP ulishike kwa ushirika, na pakiti zikagawanywa katika nyuzi nne za kazi. Hatua hiyo ilitoka katika toleo la 7.2, Oktoba 2022. Mgawanyo haukuwa wa kubahatisha. Ulifuata namba inayokokotolewa kutokana na mkondo ambao pakiti ni sehemu yake, ili pakiti za mazungumzo yale yale zipite katika uzi mmoja na zisipitane njiani. Kupitana hakuharibu data, lakini itifaki ya TCP hukudhania kuwa ni upotevu na kupunguza mwendo, na faida yote ya prosesa nyingi ingeliwa na dhana hiyo.

Si sehemu zote zilizokuwa tayari. Msimbo wa ARP, unaotafuta anwani ya kadi ya jirani, una foleni ya pakiti zinazosubiri jibu, na kwa muda ulibaki chini ya kufuli kuu la zamani. Humo ulitumika mtindo unaofaa kusomwa na kila mwanafunzi: angalia kama jibu limekwisha kupatikana, kama bado, shika kufuli, kisha angalia tena. Anayeruka hatua ya tatu hudhani kwamba dunia ilisimama alipokuwa akingoja mlangoni.

9.0 Njia Iliyokumbukwa

Namna moja ya kupunguza usomaji wa jedwali ni kuikumbuka njia iliyotumika mara ya mwisho. Linux ilikuwa na ghala la njia zilizokumbukwa kwa kila mahali palipopelekewa pakiti, na David Miller aliliondoa katika toleo la 3.6 la mwaka 2012, kwa sababu moja wapo kwamba mtu wa nje, kwa kutuma pakiti zenye anwani mbalimbali, angeweza kulijaza na kulifanya mzigo.

Katika OpenBSD kosa lilikuwa la namna nyingine. Kila soketi ilikumbuka njia yake mpaka soketi ifungwe au njia ibatilike. Ikiingizwa njia mpya iliyo mahsusi zaidi, njia ya zamani haikubatilika. Ilibaki sahihi, ila haikuwa tena bora. Programu ya ping iliyoachwa ikiendelea wakati njia inabadilishwa iliweza kulionyesha kosa hilo. Mwanzoni mwa 2024 Bluhm aliongeza namba moja ya kizazi kwa mfumo mzima, inayoongezeka kila jedwali la njia linapobadilika. Mwenye kumbukumbu ya njia hutunza pia kizazi ilimopatikana, na kabla ya kuitumia hulinganisha namba mbili. Zikitofautiana, huliendea jedwali upya.

Namba hiyo ni ya pamoja, kama lilivyokuwa kufuli kuu, na kila prosesa huisoma kwa kila pakiti. Tofauti ni kwamba huandikwa mara chache sana, na neno lisiloandikwa linaweza kukaa katika kumbukumbu ya karibu ya kila prosesa bila mtu kunyang'anywa.